KUZIMIA SI KUFA
Namna ya kumlaza mtu aliyepotewa na fahamu

Mtu anapoanguka ghafula na kuzimia, iwe ni katika soko la Ukunda, ufukoni Diani au chini ya minazi ya Msambweni, jambo la kwanza litokealo ni mkutano wa watu. Kila mmoja huja na moyo mwema, na kila mmoja huja na dawa yake. Huyu ataka mgonjwa amwagiwe maji usoni. Yule ataka anusishwe kitunguu. Wa tatu ambana taya ili amtie kijiko mdomoni. Wa nne amwinua na kumketisha, huku akimpiga makofi mashavuni na kumwita kwa jina lake. Hatimaye, wote wakishachoka, mgonjwa hulazwa chali, uso juu, na kichwa chake huegemezwa juu ya nguo iliyokunjwa, maana yaonekana kwamba hivyo ndivyo mtu apumzikavyo. Lakini kwa mtu aliyezimia, mlalo huo wa chali wenye mto chini ya kichwa una hatari kubwa.

Mtu aliyezimia, naye bado anapumua, yafaa alazwe kwa ubavu na kuangaliwa asiachwe peke yake mpaka afikiwe na daktari au muuguzi. Kazi hiyo haihitaji dawa, wala chombo, wala fedha. Kijana wa shule aweza kuifanya, na mwanamke mwenye mwili mdogo aweza kumgeuza mwanamume mwenye kilo 90 akiijua njia. Pamoja na hayo, ni wachache wanaoijua.

Haja ya kuijua ni kubwa katika Kaunti ya Kwale kwa sababu nchi yenyewe ni pana. Hospitali ya rufani ya kaunti iko Msambweni, karibu na barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania. Ziko hospitali nyingine Kwale mjini, Kinango na Lunga Lunga, na zahanati katika sehemu mbalimbali. Mtu wa Diani au Gazi yu karibu na lami, lakini mtu wa vijiji vya bara, upande wa Ndavaya na Kinango, aweza kuwa na safari ndefu ya vumbi kabla ya kufika penye kitanda cha hospitali. Na mgonjwa wa Diani au Msambweni apelekwaye Mombasa huvuka kwa feri ya Likoni au huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Ubongo wa mwanadamu, ukikosa hewa, huanza kuharibika kwa dakika chache tu. Hakuna gari, hata liwe na ving'ora namna gani, liwezalo kufika kila kijiji kwa muda huo. Awezaye kuwahi ni yule aliyesimama karibu na mgonjwa alipoanguka.

ULIMI NA MATAPISHI

Mtu aliyelala usingizi wa kawaida hujilinda bila kujua. Mate yakimwendea kombo hukohoa. Akikosa hewa hugeuka. Mtu aliyezimia amepoteza ulinzi huo wote. Misuli yake imelegea, na ulimi, ambao nao ni msuli, umelegea pia. Akilazwa chali, shina la ulimi huanguka nyuma na kuziba koo kama kizibo kinavyoziba mdomo wa chupa. Mkoromo mzito usikikao kwa mtu aliyezimia si dalili kwamba amelala vizuri. Ni sauti ya hewa inayopita kwa shida katika njia iliyokwisha kuzibwa nusu.

Hatari ya pili hutoka tumboni. Mlango wa juu wa tumbo nao hulegea, na chakula au kinywaji huweza kupanda hadi kooni bila mgonjwa kujikaza kutapika. Mtu mwenye fahamu angekohoa au angetema. Aliyezimia hawezi, na yale yaliyopanda huteremka katika mapafu. Hali kadhalika damu itokayo puani, mdomoni au penye meno yaliyovunjika. Hivyo mtu aliyeanguka kwa ugonjwa mdogo ambao angepona kesho yake, aweza kufa kwa kuzibwa pumzi na vitu vya mwili wake mwenyewe, hali watu wamemzunguka.

Akilazwa kwa ubavu, mambo yote mawili hubadilika. Ulimi huelekea upande wa shavu badala ya kuanguka nyuma, na mate, damu na matapishi hutiririka nje kwa pembe ya mdomo. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Basi kazi ya msaidizi ni kuufanya mkondo huo uelekee chini na nje, usielekee mapafuni.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1891 daktari mmoja Mwingereza, Robert Bowles, aliandika juu ya wagonjwa waliopatwa na kiharusi wakawa wanakoroma, akashauri wageuzwe ubavu ili pumzi yao ifunguke. Na mwishoni mwa miaka ya 1950 Daktari Peter Safar, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Baltimore huko Marekani, alionyesha kwa majaribio jinsi kichwa cha mtu aliyezimia kikiinamishwa nyuma na kidevu kikiinuliwa, koo lililozibwa hufunguka. Siku hizi vyama kama Msalaba Mwekundu wa Kenya, ulioundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na St John Ambulance, hufundisha mambo hayo mawili pamoja kila wanapofundisha huduma ya kwanza.

JE, ANAPUMUA?

Kabla ya kumgusa mgonjwa, msaidizi aangalie kwanza usalama wake mwenyewe. Ikiwa ni ajali ya pikipiki barabarani, mtu mmoja asimame mbali kidogo kila upande ili kuyasimamisha magari. Ikiwa waya wa umeme umeanguka, asiguse kitu mpaka umeme ukatwe. Ikiwa mtu amekutwa amezimia katika chumba kilichofungwa chenye jiko la makaa, mlango na madirisha yafunguliwe na mgonjwa atolewe nje upesi, maana hewa ya makaa huua bila harufu, na yule aendaye kumwokoa huweza kuanguka juu yake.

Kisha amguse mabega na kumwita kwa sauti: “Bwana! Mama! Wanisikia?” Asipojibu wala kujitikisa, amezimia. Hapo msaidizi apaze sauti kuita watu, aweke kiganja kimoja juu ya paji la uso wa mgonjwa, na vidole viwili vya mkono mwingine chini ya kidevu, ainamishe kichwa nyuma polepole na kuinua kidevu. Aweke sikio lake karibu na mdomo wa mgonjwa, macho yake yakitazama kifua. Asikilize hewa, aihisi shavuni mwake, aone kama kifua kinapanda na kushuka. Afanye hivyo kwa muda usiozidi sekunde 10.

Jambo hili lisirukwe, kwa kuwa kulazwa ubavu ni kwa mtu apumuaye tu. Mtu asiyepumua, au anayetwetatweta mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini, moyo wake huenda umesimama. Kumlaza ubavu kutampotezea nafasi yake. Huyo abaki chali juu ya ardhi ngumu, na msaidizi aweke viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu hadi kifua kibonyee sentimita 5 au 6, akiachilia kila mara, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aendelee, akipokezana na wengine, mpaka mgonjwa apumue au msaada ufike.

NAMNA YA KUMGEUZA

Ikiwa mgonjwa anapumua, msaidizi apige magoti kando yake na kuinyosha miguu yote miwili ya mgonjwa. Miwani ivuliwe, na simu, funguo au vitu vingine vigumu vitolewe mifukoni upande atakaolalia. Kisha afuate hatua hizi.

Kwanza, mkono wa mgonjwa ulio karibu na msaidizi utandazwe mbali na mwili, na kiwiko kikunjwe, kiganja kikitazama juu, kama mkono wa askari asimamishaye magari.

Pili, mkono ulio upande wa pili uvutwe kupita juu ya kifua, na mgongo wa kiganja hicho uwekwe kwenye shavu la mgonjwa lililo karibu na msaidizi. Msaidizi aushikilie hapo kwa mkono wake mmoja.

Tatu, kwa mkono wake mwingine ashike mguu wa mgonjwa ulio upande wa mbali, juu kidogo ya goti, auinue mpaka goti lisimame na wayo ukanyage chini.

Nne, aling'ang'anie goti hilo na kulivuta kuelekea kwake. Goti litakuwa kama mpini wa jembe: likivutwa, nyonga hufuata, bega hufuata, na mwili wote hugeuka kwa wepesi, kichwa kikilindwa na kiganja kilichobanwa shavuni.

Tano, mguu wa juu urekebishwe ili nyonga na goti viwe vimekunjwa kama fremu ya mlango. Mguu huo ndio nguzo imzuiayo mgonjwa asiangukie kifudifudi wala asirudi chali.

Sita, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo ili koo lifunguke, na mdomo uelekee chini ili vilivyomo vitoke. Kiganja kilicho chini ya shavu husaidia kukiweka kichwa hivyo. Mto usiwekwe. Kisha msaidizi asikilize tena: je, bado anapumua? Kama mkoromo umetulia, njia imefunguka.

Yote hayo hayazidi dakika moja kwa mtu aliyekwisha kujizoeza. Mwanamke mwenye mimba iliyokua alazwe ubavu wa kushoto, kwa sababu tumbo lenye mtoto likielekea kulia hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Mtoto mchanga aliyezimia huchukuliwa mikononi, amelala kwa ubavu, kichwa chake kikiwa chini kidogo kuliko mwili.

Wako watu ambao hushikwa na haya. Aliyeanguka ni mwanamke, na waliopo ni wanaume. Ikiwa mwanamke mwingine yupo, na afanye yeye. Leso itandazwe juu ya mgonjwa, na wanaotazama tu wageuke pembeni. Lakini ikiwa hakuna, wa karibu asingojee. Mwingine aweza kuona kwamba kumgeuza mtu ubavu ni kumwelekeza kibla kama anayekata roho, yaani kumkatia tamaa. Sivyo. Kulala kwa ubavu wa kuume ni mwenendo ambao watoto hufundishwa chuoni tangu udogo, na hapa hufanywa ili mtu apate kuishi.

ALIYEANGUKA KUTOKA MNAZINI

Nchi ya minazi ina ajali zake. Mnazi mrefu hufika mita 20 na zaidi, nao wakwezi na wagema huupanda kwa miguu na mikono, pengine wakati wa mvua shina likiwa linateleza. Mtu aliyeanguka kutoka juu hivyo, au aliyetupwa na pikipiki, huenda ameumia uti wa mgongo, na kumgeuzageuza ovyo kwaweza kumlemaza maisha.

Basi ikiwa anapumua vizuri, na mdomo wake ni safi, asisogezwe. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kichwa kwa mikono miwili kisicheze, na ikiwa pumzi inakwama ayasukume mataya yote mawili mbele kwa vidole vilivyowekwa nyuma ya pembe za taya, bila kukipinda kichwa. Lakini akianza kutapika, au damu ikijaa mdomoni, au msaidizi akilazimika kumwacha aende kutafuta watu, mgonjwa sharti ageuzwe. Wakiwapo watu wanne, mmoja ashike kichwa na kutoa amri, na watatu washike bega, nyonga na miguu; kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, wamgeuze wote kwa pamoja kama gogo moja, kichwa na mgongo vikiwa katika mstari mmoja.

Na msaidizi akiwa peke yake shambani, huku mgonjwa anapaliwa na damu? Na amgeuze. Mtu aweza kuishi na mgongo ulioumia, lakini hawezi kuishi bila hewa.

KIFAFA NA DEGEDEGE

Hakuna wagonjwa wanaodhulumiwa kwa kutojua kama wale wenye kifafa. Baadhi ya watu huogopa povu la mgonjwa, wakidhani litawaambukiza, nao humwacha peke yake wakati anapohitaji mtu kuliko wakati wowote. Kifafa hakiambukizi kwa povu, wala kwa mate, wala kwa kugusana.

Mtu anapotukutika, asishikwe kwa nguvu wala asifungwe. Viondolewe karibu naye vitu viwezavyo kumwumiza, moto hasa. Nguo laini iwekwe chini ya kichwa kisijigonge wakati wa mtukutiko. Kijiko, kijiti au kidole kisitiwe mdomoni: mtu hawezi kuumeza ulimi wake, bali kijiko huvunja meno, na kidole huweza kuumwa vibaya. Saa iangaliwe. Mtukutiko ukikoma, mgonjwa husalia amezimia kwa muda. Huo ndio wakati wa kumlaza ubavu mpaka azindukane. Ukipita dakika 5 bila kukoma, au ukirudi kabla hajazindukana, apelekwe hospitali bila kukawia.

Kwa watoto wadogo, degedege mara nyingi huja pamoja na homa kali, na katika nchi yenye malaria homa hiyo si ya kuchezewa. Malaria ikipanda ubongoni humzimisha mtoto, na asipotibiwa upesi hufa au husalia na kilema cha akili. Watafiti wa Kilifi, ambao kituo chao kilianza kazi mwaka 1989, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Wazee wengi wa pwani huliita gonjwa hilo nyuni, na kuhesabu kwamba ni ndege wa kishetani ampitiaye mtoto. Mama kijana asiingie katika mabishano na bibi yake wakati mtoto amezimia. Na amlaze mtoto kwa ubavu kwanza, ambane nguo zilizozidi zitolewe, na safari ya hospitali ianze. Dua yaweza kusomwa njiani, na mtoto huku anapumua.

ALIYETOLEWA BAHARINI

Bahari ya Diani na Msambweni ina mwamba unaoizuia mawimbi makubwa, lakini mikondo ipitayo katika milango ya mwamba huo ina nguvu. Mtu aliyetolewa majini asining'inizwe kichwa chini, wala tumbo lake lisikandamizwe ili kuyatoa maji; kufanya hivyo huyapandisha maji ya tumboni na kuyatia mapafuni. Aangaliwe pumzi mara moja. Asipopumua, huyu hutangulia kupewa pumzi kwa mdomo mara 5, pua yake ikiwa imebanwa, ndipo kifua kikandamizwe mara 30, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo. Akianza kupumua mwenyewe, alazwe ubavu na kufunikwa nguo kavu, kwani waliokolewa majini hutapika mara kwa mara, na matapishi yakirudi ndani yaweza kuiharibu kazi yote.

“MWACHENI ALALE”

Neno lililowaua watu wengi, na ambalo husemwa bila ubaya wowote, ni hili: “Mwacheni alale, pombe itamtoka.” Mtu aliyekunywa mnazi mwingi au chang'aa mpaka akazimia, hajalala. Ulevi mkubwa huzimisha kikohozi na huleta matapishi, na hayo ndiyo mambo mawili yaliyokwisha kuelezwa kuwa hatari. Akiachwa chali juu ya mkeka usiku kucha, asubuhi watu huja kumwamsha wakamkuta baridi. Basi wenzake wamlaze kwa ubavu, mdomo ukielekea chini, na mmoja akae naye. Akishindwa kuamshwa kabisa, au akipumua polepole mno, au ngozi yake ikiwa baridi na midomo imegeuka rangi, hiyo ni sumu, na dawa yake ni hospitali.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba si kila aonekanaye mlevi amekunywa. Mwenye ugonjwa wa sukari, sukari yake ikishuka mno, hupepesuka, hutoka jasho na kusema ovyo kabla ya kuzimia. Akiwa bado ana fahamu na aweza kumeza, apewe kitu chenye sukari upesi. Akishazimia, asitiwe kitu chochote mdomoni, si maji ya sukari, si chai, si dawa. Amri hiyo ni kwa kila mtu aliyezimia, kwa sababu yoyote ile.

MPAKA HOSPITALI

Kumgeuza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukaa naye. Pumzi yaweza kukoma wakati wowote, kwa hiyo msaidizi asikilize kila mara, na ikikoma amrudishe chali na kuanza kukandamiza kifua. Afunikwe apate joto. Zikipita dakika 30 naye bado hajazindukana, ageuzwe upande wa pili ili mkono wa chini usikose damu. Ila mwanamke mwenye mimba aendelee kulalia ubavu wa kushoto.

Namna ya kumsafirisha nayo imeua watu. Ni kawaida mgonjwa aliyezimia kupakiwa juu ya bodaboda, akiwa ameketi kati ya dereva na ndugu yake. Katika hali hiyo kichwa chake humwangukia kifuani, koo lajikunja, na hewa haipiti. Jamaa aliye nyuma humkumbatia asianguke, asijue kwamba pumzi imekwisha. Liko heri gari lolote ambalo mtu aweza kulazwa ubavu ndani yake, hata liwe ni pikapu ya kuchukulia nazi, na mmoja akae kichwani pake akimwangalia. Simu za dharura za serikali ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Ndugu wa mgonjwa wasichelewe kwa kutafuta fedha kwanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaeleza kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma ya kabla ya kufika hospitali. Wakifika, waeleze mambo manne: alianguka saa ngapi, walimkuta katika hali gani, je alitukutika au kutapika, na ni dawa gani atumiazo. Chupa au karatasi ya dawa iliyopatikana karibu naye ichukuliwe. Daktari aweza kuokoa muda mwingi kwa habari hizo.

KAZI YA KILA KIJIJI

Mambo haya hayakai kichwani kwa kusomwa tu. Yafaa yajaribiwe kwa mikono. Jioni moja, baada ya kazi, watu wawili waweza kutandika mkeka uani. Mmoja alale chali na kujilegeza, mwingine amgeuze, kisha wabadilishane. Baada ya mara tatu au nne mikono huzoea, na ambaye hakuamini kwamba aweza kumgeuza mtu mzito kwa kuvuta goti lake tu, ataona mwenyewe. Vyama vya akina mama, vikundi vya wavuvi, madereva wa bodaboda na walimu wa shule na madrasa wana nafasi njema ya kufanya hivyo, maana wao hukutana kila juma na hufikia ajali mbele ya wote. Palipo na mkwezi au mgema, jirani zake wajue namna ya kugeuza kwa watu wanne. Palipo na mtoto mwenye kifafa, darasa lake lote lijue.

Wako wengi vijijini wasiosoma gazeti. Ajuaye kusoma na awasomee hatua zile sita barazani, polepole, mtu mmoja akiwa amelala mkekani mbele ya wote, ili waone kwa macho yao goti linavyovutwa na mdomo unavyoelekezwa chini.